Nyumba ya Baba Zangu

Katika mji mmoja wa pwani palikuwa na nyumba ya mawe iliyojengwa na mzee mmoja kwa jasho lake. Mzee alipofariki aliacha wana watatu, nao hawakuigawa nyumba. Walikaa humo wote pamoja na wake zao na watoto wao. Kila mmoja alikuwa na vyumba vyake, lakini ukumbi ulikuwa wa wote, kisima kilikuwa cha wote, na mlango wa mbele ulikuwa wa wote. Binti wa yule mwana wa kati alipokuwa shuleni alipewa kazi ya kuandika insha ya Kiingereza juu ya nyumba ya kwao. Akaanza kwa maneno haya: "My fathers house has six rooms." Hakutia alama yo yote katika neno la pili, kwa sababu hakuwa na hakika mahali pake.

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu akatia ritifaa kabla ya herufi s. Ritifaa ni alama ile ile ndogo ambayo Waswahili huiandika katika ng'ombe na ng'ambo. Daftari likarudi limesahihishwa: "My father's house." Mwalimu akaeleza ubaoni kwamba alama ikikaa kabla ya s mwenye mali ni mmoja, na ikikaa baada ya s wenye mali ni wengi. Msichana akanyosha mkono, akasema kwa adabu kwamba baba zake walikuwa watatu. Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akajibu kwamba mtu huzaliwa na baba mmoja, na sarufi haina ugomvi na jambo hilo. Msichana akakaa.

Jioni ile baba yake mdogo, ambaye hakusoma Kiingereza, alimwona na daftari akamwuliza wino ule mwekundu ulikuwa wa nini. Msichana akamweleza kama alivyoelezwa: alama ikikaa huku nyumba ni ya baba mmoja, ikikaa kule nyumba ni ya baba wengi, na mwalimu ameiweka huku.

"Kumbe," akasema baba mdogo, "basi mimi humu ni mgeni, mwanangu."

Alisema kwa mzaha, akavaa kofia yake akaenda msikitini. Lakini msichana hakulala mapema usiku ule.

Sentensi ile kama ilivyosahihishwa ilikuwa Kiingereza safi. Hapana mtahini ambaye angaliitoa kasoro. Walakini sentensi ilinyoshwa na nyumba ikapindwa. Kwa tone moja la wino ndugu wawili walitolewa katika urithi wao, wala hawakuwa na habari. Jambo hili ni dogo kwa kuangaliwa, lakini ndani yake mna swali ambalo kila mtu ajifunzaye Kiingereza hana budi kukutana nalo: lugha hiyo husemaje kwamba kitu ni cha mtu, na inaposema hivyo husema nini hasa?

Kanuni yenyewe yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Jina la umoja huongezewa ritifaa na s: "the boy's book", kitabu cha mvulana. Jina la wingi lenye s mwishoni huongezewa ritifaa peke yake: "the boys' books", vitabu vya wavulana. Jina la wingi lisilokuwa na s mwishoni hufuata njia ya umoja: "the children's food", chakula cha watoto, "the women's market", soko la wanawake. Watu wawili wakiwa na kitu kimoja kwa shirika, alama hutiwa kwa wa mwisho tu: "Ali and Hasani's house" ni nyumba moja ya wote wawili. Kila mtu akiwa na chake, kila jina huchukua alama yake: "Ali's and Hasani's houses" ni nyumba ya Ali mbali, na nyumba ya Hasani mbali. Maneno yasimamayo badala ya majina, kama "hers", "theirs" na "its", hayataki ritifaa kabisa. Na "it's" yenye ritifaa si neno la milki bali ni maneno mawili yaliyofupishwa.

Hizo ndizo kanuni, na mwanafunzi mwenye bidii huzishika kwa muda wa juma moja. Lakini kuzishika si kuzielewa. Ajabu ya kwanza ni kwamba alama hii ni ya jicho, si ya sikio. Maneno "fathers", "father's" na "fathers'" hutamkwa kwa sauti moja. Mwingereza akiyasema gizani, msikilizaji hana njia ya kujua baba ni mmoja au ni watatu, ila kwa kungojea maneno yatakayofuata. Lau msichana yule angaliisema sentensi yake badala ya kuiandika, asingalisahihishwa, na nyumba ingalibaki ya wote watatu.

Kiswahili kimeshika njia nyingine. Katika Kiingereza mwenye mali hutangulia, na alama hukaa juu yake. Katika Kiswahili mali hutangulia, na kiungo cha -a hufuata ngeli ya mali, si ya mwenyewe: kitabu cha mtoto, nyumba ya mtoto, shamba la mtoto, viatu vya mtoto. Mtoto ni yule yule, lakini kila alicho nacho hujitaja kwanza kwa ngeli yake. Mswahili huambiwa kitu gani, halafu cha nani. Mwingereza huambiwa nani, halafu ana nini. Na katika majina ya jamaa, Kiswahili hutamka wazi jambo ambalo Kiingereza hulitegemeza katika wino. Nyumba ya baba yangu ni moja, ya baba mmoja. Nyumba ya baba zangu ni moja, ya baba wengi. Nyumba za baba yangu ni nyingi, za baba mmoja. Nyumba za baba zangu ni nyingi, za baba wengi. Mambo ni manne, na kila moja lina sauti yake.

Msichana yule alikuwa akifikiri nyumba ya baba zangu. Alikuwa na haki, kwa kuwa katika jamaa yake ndugu wa kiume wa baba ni baba vile vile: aliyemtangulia ni baba mkubwa, na aliyemfuata ni baba mdogo. Kiingereza huwaita wote wawili "uncle", neno ambalo ni la ndugu wa mama pia. Kwa sababu hiyo hata fikira ya mtu mmoja kuwa na "fathers" ni ngeni kwa Mwingereza, isipokuwa anapowataja wahenga wake. Basi ritifaa ya mwalimu ilifanya kazi mbili kwa pamoja: ilipunguza wenye nyumba, tena ilipunguza baba.

Hata hivyo Kiswahili hakina sababu ya kujivuna. Mtu akisema kitabu cha rafiki, haijulikani rafiki ni mmoja au ni wengi. Akisema kitabu chake, haijulikani mwenyewe ni mwanamume au mwanamke, hali Kiingereza kingemlazimisha kuchagua "his" au "her". Mfasiri hulijua vema jambo hili, maana hupata hasara huku na faida kule. Kila lugha hufunua hili na kufunika lile, na asiyejua inachofunika hudhani kwamba hakipo.

Ritifaa haikuzaliwa pamoja na Kiingereza. Kabla ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, majina ya Kiingereza yalibadilika miisho yake kwa namna nyingi kufuata kazi yake katika sentensi. Mfalme aliitwa "cyning", na kitu cha mfalme kilitajwa kwa neno "cyninges". Mwisho huo wa -es ulikuwa mmoja tu miongoni mwa miisho kadha. Majina ya jinsi ya kike hayakuuchukua, na kumbukumbu yake imebaki katika "Lady Day", sikukuu ya Bibi Mariamu ya tarehe 25 Machi, ambayo haina s ya milki hata leo. Baadaye miisho ilichakaa kama sarafu inavyochakaa mikononi mwa watu, na -es ikaenea karibu katika majina yote. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliandika milki kwa -es bila ya ritifaa.

Katika karne ya 16 wapiga chapa wa Uingereza waliichukua ritifaa kwa kufuata mfano wa Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kuonyesha mahali ambapo herufi imeachwa. Katika karne ya 17 ilianza kuzoeleka katika majina ya milki ya umoja, na katika karne ya 18 ndipo desturi ya kuiweka baada ya s ya wingi ilipoanza kutulia. Kwa hiyo alama ambayo leo huonyesha kwamba mtu ana kitu, ilianza kwa kuonyesha kwamba kitu kimeondoka.

Wataalamu wenyewe walipotea njia katika jambo hili. Kwa muda mrefu watu waliandika "the king his crown" kwa maana ya taji la mfalme, kana kwamba s ni kifupisho cha neno "his". Joseph Addison, mwandishi mwenye sifa, aliikubali fikira ya namna hiyo mwaka 1711. Samuel Johnson, katika sarufi aliyoitia mbele ya kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, aliikataa kwa hoja nyepesi: watu husema "woman's beauty", uzuri wa mwanamke, na hapo "his", ambalo ni neno la mwanamume, haliwezi kuwa na nafasi. Hata "its" ni neno changa. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James halikuwamo. Lilipoenea, waandishi wengi waliliandika kwa ritifaa hata katika karne ya 18. Mwanafunzi wa leo anayetolewa kosa kwa kuandika "it's" mahali pa "its" hutolewa kosa kwa jambo ambalo waungwana wa Uingereza walilifanya bila ya haya.

Badiliko jingine lilipita pasipo kelele. Zamani alama ya milki iligandamana na jina la mwenye mali peke yake. Watu walisema "the king's daughter of England". Leo husema "the king of England's daughter", binti wa mfalme wa Uingereza. Alama imetoka kwa mfalme ikakaa juu ya Uingereza, ijapokuwa binti ni wa mfalme. Maana yake ni kwamba s si mkia wa neno moja tena, bali ni kiungo cha fungu zima la maneno. Hapa Kiingereza kimekaribia Kiswahili, kwa kuwa -a nayo hushika fungu zima: nyumba ya mtu aliyekuja jana.

Sasa yafaa kuuliza swali lililo kubwa zaidi. Je, alama hii ni ya milki kweli? Walimu huiita ya milki, na jina hilo limewapotosha watu wengi. Katika "the boy's book" mna milki, kwa kuwa mvulana aweza kukiuza kitabu. Katika "the boy's father" mna nasaba, wala mvulana hawezi kumwuza baba yake. Katika "Shakespeare's plays" mna utungaji, na mtungaji amekufa tangu mwaka 1616. Katika "the king's death" mna jambo lililompata mfalme, ambalo hakulitaka. Katika "the prisoner's release" mna tendo alilotendewa mfungwa na watu wengine. Katika "a day's journey", mwendo wa siku moja, mna kipimo tu, maana siku haina mfuko wa kutilia mali. Tena "a picture of the king" ni sura ya mfalme iliyochorwa, hali "a picture of the king's" ni picha iliyo mali ya mfalme, pengine sura ya farasi. Kiswahili huitia mizigo hiyo yote katika -a moja: picha ya mfalme yaweza kuwa sura yake, mali yake au kazi ya mkono wake.

Kwa hiyo alama hii haisemi zaidi ya kwamba vitu viwili vina uhusiano. Uhusiano gani, haisemi. Wasarufi wa Kilatini waliiita hali hii kwa jina lenye asili ya uzazi, si ya mali. Waingereza ndio walioipa jina la milki, na mtu akilisikia jina hilo hudhani kwamba penye alama pana hati.

Hadhari hiyo si ya darasani tu. "The master's slave" ni mtumwa wa bwana. "The slave's master" ni bwana wa mtumwa. Alama ni ile ile, na sarufi imewaweka watu hao wawili katika mizani iliyo sawa. Lakini katika Unguja, mpaka hali ya utumwa ilipoondolewa katika sheria mwaka 1897, mmoja aliweza kummiliki mwenziwe na mwingine hakuweza. Tofauti hiyo haikuwa katika -a wala katika s. Ilikuwa katika sheria na katika nguvu.

Mfano mwingine ni wa Uingereza yenyewe. Kwa karne nyingi Waingereza walisema "the wife's money", fedha za mke, na alama ya milki ilikaa mahali pake bila ya kasoro. Walakini kwa sheria yao ya kale fedha alizoingia nazo mke katika ndoa zilikuwa za mume tangu siku ya ndoa. Sheria ya mwaka 1870 ilimpa mke haki ya mshahara wa kazi yake, na ile ya mwaka 1882 ndiyo iliyompa uwezo wa kuwa na mali yake mbali kama mtu ye yote mwingine. Lugha ilikuwa imempa mwanamke mali karne nyingi kabla ya mahakama kumpa. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo watu wengi wa pwani ya Afrika ya Mashariki huifuata, mali ya mke hubaki yake baada ya ndoa. Kwa hiyo maneno mali ya mke yalikuwa na uzito katika nyumba ya Mwislamu wa pwani wakati ambapo ndugu yake wa Kiingereza yalikuwa maneno matupu.

Kwa kuwa alama haina nguvu ya hati, wako watu waliotaka iachwe. Halmashauri ya Marekani ya majina ya mahali, iliyoundwa mwaka 1890, tangu mwanzo haikupenda ritifaa katika majina ya milima, mito na visiwa, na sababu inayotolewa ni kwamba alama hiyo ingefanya nchi ionekane kuwa mali ya mtu binafsi. Mahali pachache tu pameruhusiwa kuwa nayo, mathalan kisiwa cha Martha's Vineyard, kilichorudishiwa ritifaa yake mwaka 1933. Katika Uingereza, mji wa Birmingham ulitangaza mwaka 2009 kwamba vibao vya barabara zake havitakuwa na alama hiyo, na maduka ya vitabu ya Waterstones yaliiondoa katika jina lao mwaka 2012. Katika reli ya chini ya ardhi ya London, stesheni ya Earl's Court ina ritifaa, na Barons Court iliyo jirani yake haina, wala hapana abiria aliyepotea kwa ajili hiyo.

Hoja yao ina maana, kwa kuwa mambo mengi hujieleza yenyewe. Walakini iko siku ambayo idadi ya wenyewe ndiyo habari yenyewe. Katika Oxford kiko chuo kinachoitwa The Queen's College, kilichoasisiwa mwaka 1341 na kupewa jina kwa heshima ya Malkia Philippa. Katika Cambridge kiko chuo kinachoitwa Queens' College. Hiki kiliasisiwa mwaka 1448 na Malkia Margaret wa Anjou, na mwaka 1465 kikapata mwasisi wa pili, Malkia Elizabeth Woodville. Waume wa wanawake hao wawili walikuwa maadui waliogombea kiti kimoja cha enzi. Ritifaa ya Oxford iko kabla ya s kwa sababu malkia ni mmoja. Ya Cambridge iko baada ya s kwa sababu malkia ni wawili. Anayeihamisha alama hiyo humfuta malkia mmoja katika habari za chuo chake.

Wana wa Afrika ya Mashariki nao wana habari zao na alama hii. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika ya Mashariki na ya Kati vikawa jeshi moja lililoitwa "King's African Rifles". Waswahili waliliita Keya, kwa herufi zake tatu za mwanzo, na katika kufupisha hivyo mfalme alipotea masikioni. Lakini katika karatasi alikuwapo, na ritifaa yake ilikuwapo: bunduki zilikuwa za mfalme, na walioziteremsha na kuzipandisha, hata katika Burma katika vita vya pili vya dunia, walikuwa Waafrika. Alipotawala malkia tangu mwaka 1952 jina la jeshi halikubadilika. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, askari wake waliitwa "Tanganyika Rifles", na ritifaa ya mfalme ikaondoka. Jeshi hilo lilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Tanzania. Kwa Kiingereza huitwa "Tanzania People's Defence Force". Ritifaa imerudi, lakini imebadilisha mwenyewe. Ilikuwa juu ya mfalme, sasa iko juu ya wananchi. Hapo pia yafaa kukumbuka kwamba alama si hati. Wananchi hupewa jeshi na sarufi kwa siku moja, lakini kuwa nalo kweli ni kazi ya kila siku.

Katika jina hilo ritifaa iko kabla ya s, kwa sababu "people" ni wingi usiohitaji s, nao ni watu wa nchi moja. Lakini uko mkataba mmoja wa Afrika ambao ritifaa yake iko baada ya s. Wakuu wa nchi za Afrika waliupitisha Nairobi mwezi wa Juni 1981, nao ukaanza kutumika mwaka 1986. Kwa Kiswahili ni Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kwa Kiingereza maneno yake ya mwisho ni "Human and Peoples' Rights". "Peoples" ni wingi wa wingi: si watu tu, bali ni jamii za watu, kila moja ikiwa na umoja wake. Kiswahili kikisema haki za watu, tofauti hiyo haisikiki. Lakini vifungu vya 19 hadi 24 vya mkataba huo vimejengwa juu yake, kwa kuwa vinataja haki ambazo mtu hawezi kuwa nazo peke yake, miongoni mwazo haki ya jamii kuutumia utajiri wake wa asili.

Tarehe 26 Mei 2017 mahakama inayousimamia mkataba huo, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikuwa imevunja haki za Waogiek wa Msitu wa Mau. Waliodai hawakuwa watu wenye viwanja vyao mmoja mmoja. Walikuwa jamii iliyodai nchi ya mababu zake kwa pamoja, na mahakama iliona kwamba kifungu kinachotaja utajiri wa asili wa jamii kilikuwa kimevunjwa pia. Ritifaa haikuwapa Waogiek msitu. Lakini bila ya fikira iliyo nyuma yake, yaani kwamba kitu chaweza kuwa cha wengi walio pamoja bila ya kuwa cha kila mmoja mbali, wasingalikuwa na mlango wa kuingilia mahakamani.

Fikira hiyo ndiyo msichana aliyoileta shuleni kutoka katika nyumba ya mawe, nayo ndiyo iliyorudishwa nyumbani na wino mwekundu. Mwalimu hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Alijua mahali pawili ambapo alama yaweza kukaa, naye alizifahamu kanuni zote mbili kwa moyo. Hakufahamu kwamba kuchagua kati ya mahali hapo pawili si kazi ya sarufi. Sarufi hungoja kuambiwa wenyewe ni wangapi, na habari hiyo iko kwa wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa mali ilikaribia kupotea ndani ya daftari lenyewe.

Msichana yule alikua, akasoma, akawa mwalimu wa Kiingereza. Baba yake mdogo amekwisha kufariki, na watoto wake wangali wakikaa katika vyumba vyake pamoja na jamaa wengine. Wanafunzi wa mwalimu huyu huandika kila mwaka, kama alivyoandika yeye, majina ya wenye mali yasiyokuwa na alama: shamba la mama, duka la kaka, nyumba ya baba. Wenzake husahihisha madaftari yao nyumbani usiku. Yeye huyachukua mpaka darasani, na akifika penye neno la namna hiyo humwita mwandishi wake mezani, akamwuliza kwa Kiswahili kwa sauti ndogo:

"Baba wangapi?"

Mara nyingi jibu ni mmoja, naye hutia ritifaa kabla ya s. Mara chache jibu ni wawili au watatu, naye huitia baada ya s, wala darasa halicheki.